Besi Iliyotumwa Kuhubiri Kakuma

Ukitaka kuuza gitaa la besi hapa Lodwar, jiandae kwanza kujibu swali la nyuzi. Kila mnunuzi hulinyanyua, hupima uzito wake, huziangalia nyuzi nne, kisha hunitazama kana kwamba namuuzia baiskeli yenye gurudumu moja. "Hizo zingine mbili zilipotea wapi?" Zamani nilikuwa naeleza kwa upole. Siku hizi nasema lilitoka kiwandani hivyo hivyo, na anayetaka nyuzi sita akanunue gitaa la kawaida. Subira kidogo niliyoshuka nayo kutoka Kitale, joto la huku lilishaimaliza.

Kibanda changu kiko pembeni mwa soko. Natengeneza redio, spika na chaja za simu, na hizo ndizo zinazonilisha. Magitaa ya besi ni ugonjwa tu. Nanunua yaliyochoka, nayaweka sawa, nayauza kwa makanisa, na Jumapili napiga mwenyewe kanisani kwetu. Mengi hunijia kutoka kwa bendi zilizovunjika. Moja lilitoka kwenye baa ya Kalemng'orok, likaletwa juu ya lori la mkaa, na lilipofika shingo yake ilikuwa imepinda kama upinde. Kazi ya kunyoosha shingo naifanya asubuhi na mapema. Ndani yake kuna chuma kinachokazwa na kulegezwa kwa spana ndogo, na jua likishapanda, mbao nazo hubadili nia. Gitaa uliloliweka sawa alfajiri, mchana nyuzi zake zinagonga vyuma vya shingoni na kutoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye chupa. Mteja hailaumu hali ya hewa. Anamlaumu fundi.

Kanisa letu lilipoamua kuwa nalo linahitaji besi, sababu haikuwa muziki. Sababu ilikuwa kwamba kanisa la ng'ambo ya barabara lilikuwa nayo. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa Kiturkana aliyewahi kuwa naibu wa chifu na ambaye bado huongea kana kwamba ni baraza, alinituma Kakuma nikatafute. Nilifurahi kutumwa. Wauzaji wengine wote niliowahi kununua kwao walikuwa wakiuza vitu vibovu. Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, watu huuza vitu vizima.

Wanaviuza kwa sababu wanaondoka. Mtu akishapata habari kwamba jina lake limetoka, kwamba nchi fulani ya mbali imekubali kumpokea yeye na familia yake, mambo huenda kwa utaratibu unaojulikana kambi nzima. Godoro linakwenda kwa jirani, sufuria kwa dada wa kanisani, mlango wa mabati unang'olewa na kuuzwa. Kwaya inamwimbia wimbo wa kuagana, watu wanalia, hotuba zinatolewa, na kila mmoja anampa jina la ndugu wa kumtafuta huko aendako, kama vile huko ni kijiji kimoja.

Niliyemkuta alikuwa Mkongo aliyepiga besi katika kwaya ya kambini tangu ujana wake. Mbao za gitaa lake zilikuwa zimelainika pale mkono ulipozoea kupita, na shingo ilikuwa imenyooka kuliko tabia za watu wengi ninaowafahamu. Nililipenda papo hapo, na nikajitia sijalipenda, kama ilivyo desturi ya wanunuzi. Hakushindana nami kwenye bei. "Dada, kule batanipatia ingine," alisema. "Banasema kule baridi iko mingi. Miye nasaka koti." Na kweli, nilipokuwa bado nakunywa chai yake, alitoka na pesa ya besi akarudi na koti zito jeusi lenye manyoya kwenye kofia. Alilivaa ili nilione. Jasho likamtoka hadi kidevuni, akacheka, nami nikacheka.

Lodwar besi ilipokelewa kwa shangwe, na bila kuniuliza mimi fundi, wakaiweka wakfu. Mchungaji alifungua chupa ya mafuta ya upako akayamimina. Hakuweka tone moja kwenye mbao, kama ambavyo ningeshauri. Aliyapitisha juu ya nyuzi, toka kichwani hadi chini, huku kanisa likisema amina. Mimi pia nilisema amina, lakini yangu ilikuwa ya uchungu. Wiki nzima nilikuwa nafuta mafuta kwa kitambaa na kijiti cha meno.

Kisha ikagundulika kwamba besi haisikiki. Spika za kanisa letu ni zile za umbo la tarumbeta zilizofungwa juu ya paa ili mahubiri yafike hadi ng'ambo ya mto Turkwel, na sauti nzito kwenye spika hizo hugeuka mkwaruzo wa bati. Nililieleza hilo kwenye kamati. Waliniambia nipige kwa bidii zaidi. Mwenyekiti aliridhika hata hivyo, kwa sababu besi ilikuwa inaonekana vizuri kutoka viti vya nyuma.

Baada ya miezi michache yule Mkongo akanitumia ujumbe wa sauti. Nchi iliyokuwa imempokea ilikuwa imefunga mlango. Safari zilifutwa, za kwake na za wengine wengi, na hakuna aliyejua kama zingerudi. Alikuwa ameshaagwa. Sufuria zake zilikuwa zinapika kwa watu wengine. Alisema tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani, maana angeingiaje, mtu ambaye watu walimlilia na kumwombea kwa machozi, arudi akae kwenye benchi mikono mitupu kama mgeni? "Ile gitare ikirudia, nitaingia nayo tu, nitasimama fasi yangu, hakuna mutu ataniuliza kitu," alisema. "Pesa sina, dada. Iko koti tu. Nipe gitare, miye nakupa koti." Mwenyewe hakuweza kuja Lodwar kuomba; ili atoke kambini ilibidi apate kibali, na vibali havitolewi kwa ajili ya aibu.

Nilisikiliza ujumbe ule mara kadhaa nikiwa kibandani. Nilikasirika, na kwa kuwa wa kukasirikiwa walikuwa mbali ng'ambo ya bahari, nilimkasirikia mteja aliyekuwa ameleta redio.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kamati, chini ya mti wa mwarobaini nje ya kanisa, nikaeleza. Nilisema besi irudishwe kwa mwenyewe, nami nitapiga ile ya Kalemng'orok niliyoinyoosha, ambayo kupitia spika zetu haina tofauti.

"Ejok, mama," mwenyekiti alijibu, na kwa jinsi alivyoanza kwa salamu nikajua ni hapana. "Hiyo mtu tunaonea huruma. Lakini hii kitu ilipakwa mafuta. Kitu ya Mungu hairudi soko."

Nikamkumbusha kuhusu mbuzi. Kwetu watu huleta mbuzi wa sadaka. Mchungaji huwaombea mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha huwekwa mnadani hapo hapo nje. Nimewahi kumwona mtu akimnunua tena mbuzi aliyemtoa mwenyewe kwa sababu alikuwa amemzoea.

"Mbuzi haikupakwa mafuta," alisema mwenyekiti.

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa hoja nzito. Mchungaji akaongeza kwamba tukianza kurudisha vilivyowekwa wakfu, kesho mtu atakuja kudai benchi lake. Mweka hazina aliuliza kama koti lenyewe lina zipu. Nikakaa chini. Wakahamia ajenda nyingine, nayo ilikuwa taarifa ya mwinjilisti tuliyemtuma Lokiriama, mpakani, na mwenyekiti akaanza kusimulia kwa fahari jinsi siku ya kumtuma alivyopakwa mafuta kichwani mpaka yakachuruzika kwenye kola.

Nikasimama tena bila ruhusa. "Huyo mwinjilisti, si naye alipakwa mafuta?"

"Sana."

"Na akatoka hapa?"

"Alitoka. Alitumwa."

"Basi besi nayo itumwe."

Mchungaji alitazama juu kwenye majani. Mwenyekiti aliinama akachora mchangani kwa fimbo yake, na nilimwona polepole akianza kulipenda wazo, kwa sababu kanisa la ng'ambo ya barabara lilikuwa bado halijatuma chombo chochote popote. "Hiyo ni tofauti," alisema mwishowe. "Hiyo si kuuza. Hiyo ni umisheni. Lakini itatuletea ripoti."

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata gitaa la besi lilisimamishwa mbele kwenye kiti, likawekewa mikono na wazee, likaombewa lisichoke, lisirudi nyuma, na adui asilipate njiani. Nilimsihi mchungaji sana kuhusu mafuta. Alikubali kuupaka mfuko wa kubebea tu. Sadaka maalumu ya nauli ikachangwa, na mama mmoja aliyeketi nyuma, ambaye sidhani alifuata jambo lile vizuri, alileta sukari na majani ya chai kwa ajili ya mtumishi.

Niliondoka nalo Jumatatu nikiwa nimelipakata mapajani, dirisha upande wa kivuli. Ningesema uongo nikisema moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilikuwa nampelekea mtu furaha yake, na vidole vyangu njia nzima vilikuwa vinaagana nalo juu ya mfuko.

Alinipokea mlangoni, au pale mlango ulipokuwa kabla ya kuuzwa. Sasa palining'inia shuka. Chumba kilikuwa kitupu. Kulikuwa na mkeka, jiko, na ukutani, kwenye msumari, lile koti jeusi lenye manyoya likiwa bado na karatasi ya dukani. Alinikaribisha kwa maneno mengi ya heshima bila kuuangalia mfuko, kama mtu anayeogopa kuutisha. Nilimweleza kwamba besi haikurudishwa, imetumwa, kwamba yeye sasa ndiye mwenyeji wa mmishonari, na kwamba Lodwar wanangoja ripoti ya roho zilizookoka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaendelea kukaa chini, akafunika uso kwa mkono. Nami nilijishughulisha na zipu ya mfuko.

Safari ilikuwa imeilegeza shingo kidogo. Nilitoa spana yangu, nikaiweka sawa, nikapandisha uzi mmoja uliokuwa umeshuka, naye akalichukua gitaa akapiga bila spika, akiwa ameegemeza sikio kwenye mbao. Nilisikia noti nzito, fupi, moja moja. Kule nje mtu alisimama, akasikiliza, akaita jina lake kwa mshangao. Mwingine naye akaja. Shuka la mlangoni likafunuliwa, na sura zikawa nyingi, na kama alivyosema, hakuna aliyemuuliza kitu. Waliuliza tu mazoezi yataanza lini.

Walipotawanyika nilimwambia nyuzi zimekufa. Sauti ilikuwa imeziba, na chini ya vidole zilikuwa na kutu. Aliniambia anajua. Miaka yote alikuwa anazichemsha kwenye maji na sabuni ili zipate uhai kidogo, na zikichoka anazichemsha tena. Kila mara alipotaka kununua mpya, ilikuwa imesemwa kwamba safari iko karibu, sasa ya nini kuharibu pesa kwa nyuzi ambazo zitabaki.

"Zile mpya zinakaa siku ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia ukweli. Kwa vumbi na jasho la Kakuma, akizifuta kila anapomaliza kupiga, seti moja inaweza kumfikisha mwaka.

Alitazama gitaa, akatazama koti pale ukutani. Alikuwa anahesabu, nikamwacha ahesabu.

"Basi, dada," alisema, "ubebe ile koti, uniletee seti tano."