Mwisho Uliofungiwa Bagia

Kitabu kisichonuka bagia mimi huwa sikiamini sana. Mtanisamehe. Mjukuu wangu Imakulata, anayesoma chuo Mzumbe, mwaka huu ameniletea vitabu mpaka kabati la vyombo limegeuka maktaba, vikombe vimehamia dirishani. Na si vitabu vya shule. Ni vya watu wanaoandika wenyewe, wanalipia uchapaji wenyewe, halafu wanauza wenyewe, huyu kwa simu, yule kwa begi la mgongoni. Yumo muuguzi, yumo dereva wa lori aliyestaafu, yumo binti mmoja wa Kingolwira ambaye nitamrudia. Ima akija mwisho wa wiki ananikabidhi kimoja, nami kabla sijavaa miwani nakifungua katikati na kutia pua. Wino, gundi, basi.

"Bibi, unakisoma au unakionja?" huniuliza.

Alikuwa hajui. Nilimweleza, na sasa nawaeleza ninyi.

Mimi shule nilikomea darasa la nne. Sikufukuzwa, wala sikuwa mjinga. Mama alijifungua mapacha, na bibi yangu akahitaji kichwa cha pili cha kubebea mboga. Kwetu ni huku huku mlimani, juu ya Bigwa, na siku za soko tulishuka Morogoro mjini jua halijatoka. Akina mama na wasichana tuliongozana, kila mtu ngata na tenga kichwani, maharage mabichi, figiri, ndizi, umande umetulowesha khanga mpaka magotini. Bibi alitangulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi wa kukatia kuni, na njia yote ilikuwa kama yake.

Kwenye lango la soko alikaa Mama Zena, mwanamke wa mjini aliyekaanga bagia za kunde. Tukishauza mboga, Bibi alininunulia bagia, ndiyo malipo yangu. Mama Zena alizifunga kwenye karatasi, kama walivyofanya wote, karatasi za magazeti ya zamani na madaftari ya wanafunzi. Nilizoea kusoma ile karatasi baada ya kula, kwa sababu tangu nitoke shule nilikuwa na njaa ya herufi. Nilisoma kila kitu. Nilisoma magunia ya mbolea. Nilisoma tangazo la misa mlangoni mwa kanisa hata kama ni la wiki iliyopita.

Siku moja karatasi haikuwa ya gazeti. Ilikuwa ndogo, imechapwa vizuri, na mafuta yalikuwa yameipenya hata maneno ya upande wa pili yakajitokeza nyuma ya haya ya mbele. Niliigeuzageuza kwenye jua mpaka nikayatenganisha. Ilikuwa hadithi. Mwanamke aitwaye Sikudhani amekaa stesheni ya Kingolwira, amekalia sanduku la bati. Mumewe, kondakta wa treni, amemfukuza, na yeye anamsubiri apite. Treni zinakuja, treni zinakwenda. Mkuu wa stesheni anamuuliza ndani ya sanduku kuna nini, Sikudhani anaweka mkono juu ya kufuli, anafungua mdomo ajibu, na hapo karatasi ikaisha.

Nililamba vidole, nikaisoma tena. Nawaambia ukweli, bagia sikukumbuka hata ladha yake.

Safari iliyofuata nilimwomba Mama Zena anifungie kwa karatasi kama ile. Akanipa, lakini ilikuwa ya nyuma zaidi, Sikudhani bado mchumba, anacheka. Nyingine ikaruka mbele. Nikawa nazikusanya, nazikausha kwenye majivu, nazilaza chini ya mkeka ninaolalia mpaka zikanyooka. Chumba kizima kilinuka jiko la Mama Zena. Bibi aliniuliza kama nimeanza kufuga panya.

Sasa, njiani kwetu kuna jiwe, pana na bapa, limesimama usawa wa bega. Mtu anasogea, anatua mzigo bila kusaidiwa, na akitaka kuondoka anajitwisha mwenyewe. Wote waliopanda kutoka sokoni walitua pale, na chumvi yao na mafuta ya taa, wakanyoosha shingo. Siku moja nilikuwa nasoma kimya, jirani yetu Mama Poli akaniambia nisome kwa sauti, nisile peke yangu. Nikasoma. Nilipofika kwenye kufuli nikanyamaza.

"Halafu?" akasema Mama Poli.

Nikamwambia karatasi imeishia hapo.

"Imeishiaje? Huyo mwanamke amefungua mdomo."

Ndivyo ilivyoanza. Tangu siku hiyo mlima wetu ulikula bagia kuliko wakati wowote. Wanawake waliokuwa wanasema mafuta ya mjini yanawaumiza tumbo, sasa walipanga foleni kwa Mama Zena na kumwambia, nifungie kwa ile ya Sikudhani. Tukifika jiweni kila mmoja ananipa karatasi yake, nazipanga, nasoma. Walibishana. Mama Poli alisema sandukuni mna dhahabu. Mwingine alisema mna nguo za mtoto aliyefariki, akaanza kulia kabla hatujajua. Bibi alisema hamna kitu, mwanamke ana akili, amelibeba tupu ili watu wadhani ana mali. Bibi, aliyekuwa anatuhimiza kila safari kwamba giza linakuja, alikuwa wa mwisho kujitwisha.

Lakini rundo la karatasi pale kwa Mama Zena lilikuwa linapungua, nami nililiona. Na kurasa za mwisho hatukuwa tumeupata hata mmoja. Nilikosa usingizi. Mnacheka, lakini niliwaza kwamba mtu mmoja huko mjini, dobi au mpiga debe, amefuta mikono kwa mwisho wa Sikudhani na kuutupa mtaroni. Nikajikaza, nikamuuliza Mama Zena hivi karatasi hizi anazitoa wapi.

Akanyoosha kidole cha unga nyuma yake. Pale kila siku alikaa mzee mmoja akitwanga kunde, mtu wa Tabora aliyestaafu reli, mguu mmoja ulipondwa na behewa akawa anachechemea. Ni mumewe, Baba Zena. Nilikuwa nimempita mara zote hizo bila hata kumwangalia usoni.

"Ni zake," akasema Mama Zena. "Kaandika yeye. Kaenda kuchapisha Dar, maboksi yamekuja kwa treni, wenye maduka wakayarudisha. Nyumba inavuja. Nikamwambia afadhali yafungiwe bagia kuliko kuoza."

Nikampa shikamoo. Nikamuuliza ndani ya sanduku kuna nini.

Mchi ukasimama. "Nani amekusomea?"

Nikamwambia nimesoma mwenyewe, na nimewasomea wengine, na wanawake wa jiweni wananisubiri leo na sina cha kuwapa. Akaniuliza wangapi. Nikamwambia ni njia nzima. Akainuka, akachechemea hadi kwenye boksi, akapekua, akatoa kitabu kimoja, kingine, kingine. Vyote havikuwa na mkia. Mama Zena hakujua kusoma, na ganda la nyuma ndilo lilikuwa linaachia gundi upesi, kwa hiyo alianza kwa kuvichana vyote nyuma, ndipo akageukia kurasa za kati. Mwisho wa Sikudhani ndio ulioliwa kwanza, zamani, kabla mimi sijaanza hata kusoma karatasi zake. Mji mzima wa Morogoro ulikuwa umeula.

Mama Zena aliziba mdomo kwa khanga. Nilidhani mzee atafoka. Alitazama vile vitabu, akatazama jiko, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Ninao hapa," akasema, akigusa paji la uso. "Lakini mwisho hauelezwi mtu ameshika tenga. Jumamosi nitakuja mwenyewe."

Nilipomwambia Bibi, alisema mzee wa mguu ule hatafika hata Bigwa. Jumamosi tulipofika jiweni tukipanda, alikuwa ameshafika. Alikuwa ameanza safari alfajiri. Amekaa kivulini, viatu ameviweka pembeni, miguu imetapakaa udongo mwekundu, shati limemganda mgongoni. Alimwamkia Bibi kwa heshima. Tukatua. Hakuna aliyemenya hata ndizi.

Akatueleza. Alikuwa na sauti ya polepole, kama mtu anayetembea juu ya mataruma ya reli, na alieleza vizuri mpaka tukasikia filimbi ya treni. Kondakta anateremka. Sikudhani anafungua sanduku, ndani mna nguo zake za harusi, amezikunja kama siku ile. Mume anaziona, anatoa machozi, anambebea sanduku, wanapanda treni pamoja kurudi kwake. Mwisho.

Mimi machozi yalikuwa yananitoka, niliona hakuna kitu kizuri kama kile duniani. Halafu Bibi akakohoa.

"Baba Zena, umetueleza vizuri. Lakini huyo mwanamke ni wa wapi?"

Akasema wa huku huku Uluguru, alimweka kwa makusudi, kwa kuwa yeye mwenyewe anaishi huku.

"Kama ni wa huku ana shamba kwa mama yake. Shamba letu ni la ukoo wa mama, haliondoki na mwanamume. Sasa anakaa stesheni analilia nini?"

Mzee akajibu kwa upole kwamba kwao mwanamke akifukuzwa hana pa kwenda, ndiyo maana anasubiri.

"Huko kwenu," akasema Bibi. "Wewe umemkalisha Kingolwira. Akiinua macho mlima anauona. Mwache apande."

Mama Poli akaongeza kwamba hata hilo sanduku lisibebwe na huyo kondakta, ataliangusha. Wakaingia wote. Mmoja akasema mama mkwe aliyeandikwa mle ni wa uongo, mama mkwe mjanja hatukani, anasifia. Mwingine akatetea kwamba nguo za harusi zibaki, lakini azikate azifanye za watoto. Nikaona aibu. Mtu amepanda mlima kwa mguu mbovu kutupa mwisho wake, na wanawake wasiojua hata kuandika majina yao wanamrudishia kama mboga iliyonyauka. Nikamtazama, nikitaka kumwomba radhi.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anageuza kichwa kwa kila anayesema, mdomo wazi kidogo, macho yamelowa, kama mtoto anayetazama ngoma. Alimwomba Bibi arudie lile la kuuona mlima. Bibi akarudia. Sikuelewa anachofurahia ni nini.

Mwaka ule wote tulisoma. Baba Zena alikuwa na wenzake nchini waliochapisha kwa mifuko yao kama yeye, na kwa kuwa hawakuuza, walipelekeana vitabu kwa treni. Akawa ananipa kimoja kimoja niweke chini ya tenga. Nilisoma hadithi ya mpishi wa meli, ya mwalimu aliyeogopa wanafunzi, ya mganga mwongo iliyomfanya Mama Poli acheke mpaka mafuta ya taa yakamwagika. Majina ya wale waandishi hayakuwahi kutajwa redioni. Kwetu jiweni walikuwa wakubwa, na walisemwa kama ndugu: yule wa Iringa anachelewesha mambo, yule wa Kigoma anajua kupika lakini hajui mapenzi.

Mvua zilipoisha Baba Zena alichapisha Sikudhani upya, kitabu chembamba zaidi. Mwisho umebadilika. Treni inafika, kondakta anateremka, anakuta benchi tupu. Mwanamke ameshaanza kupanda mlima, sanduku kichwani, halijafunguliwa. Na ukurasa wa mbele aliandika: kwa akina mama wa jiweni, ambao ndio wenye mwisho huu. Bibi hakujua kusoma. Alinisomesha mstari ule kila tulipotua, akisikiliza kwa uso mkali kama anayekagua kama nimeruka neno. Vitabu tulivitembeza sisi wenyewe sokoni, juu ya maharage, na vilinunuliwa. Mama Zena alirudi kwenye magazeti.

Mimi nilikua nikiamini kwamba mzee yule alipanda mlima ili atumalizie hadithi. Nimeamini hivyo miaka mingi, nikawa mama, nikawa bibi.

Mwezi uliopita Ima alinipigia kwamba yule binti wa Kingolwira, mwandishi, anataka kuja. Ima alikuwa amemwambia kwamba bibi yake amesoma kitabu chake na ana maneno. Mvua ilinyesha, pikipiki ikawaacha chini, wakapanda kwa miguu. Aliingia kwangu viatu mkononi, udongo mpaka magotini, anahema. Mtoto mwembamba, ameuza cherehani ya mama yake apate kuchapisha. Nikamkaribisha kigoda, nikamwambia kitabu chako kizuri, nimekisoma hadi macho yakauma, lakini pale shangazi anapotubu sikubali. Shangazi wa namna ile hatubu, anahama kanisa.

Ima akafunika uso. Lakini yule binti alinitazama, mdomo wazi kidogo, macho yamelowa. Akaniomba nirudie.

Nikayajua yale macho. Nikavua miwani, nikamtazama tena usoni, mpaka Ima akaniuliza kama naumwa. Hakuwa amekuja kutumalizia kitu, mzee yule. Aliandika peke yake, akalipa, akarudishiwa maboksi, akaketi anatwanga kunde huku kazi yake inafuta mafuta ya vidole vya watu, na siku moja mtoto akamuuliza ndani ya sanduku kuna nini. Alipanda kuja kuona msomaji anafananaje. Na tulivyombishia vile, ndiyo alijua tumesoma kweli.

Kunde nilikuwa nimeloweka tangu asubuhi. Tukakaanga, tukazila kwenye sahani, na katikati ya kula binti akaomba kitabu chake autazame ule ukurasa wa shangazi. Ima akawahi kumwambia afute mikono kwanza.

"Mwache," nikasema. "Mwanangu, shika hivyo hivyo."