Meli ya Shaba Katika Beseni la Mama Béa

Nikubali mapema: mimi ndiye yule kijana aliyemwogesha mkuu wa karakana mbele ya parokia nzima, na ukinikuta sokoni usinikumbushe, nitageuza njia.

Yote yalianza na picha kwenye simu. Meli ya biashara, ya kubeba makontena, jeshi likaichukua, likaifunga kreni kubwa juu, kisha likaiweka akiba bandarini, tupu, injini ikitunzwa ili siku ikiitwa iondoke. Mimi bahari sijaiona (Lubumbashi na bahari wapi na wapi!), lakini niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Kitu kikubwa kuliko mtaa wetu, kimetulia tu, kinangoja!

Nikaitengeneza kwa miezi minne, bila mwalimu. Kwa shaba, maana hapa kwetu kitu cha heshima ni cha shaba. Kreni nikazifanya nzito, imara, na tumbo la meli nikaliacha tupu kabisa, kwa sababu meli ya akiba haina mzigo, na mimi nikikosea kitu kidogo silali.

Kwenye maonyesho ya parokia, mkuu wa karakana moja ya mjini alikuja kuchagua kijana mmoja asiye na diploma, amfundishe kazi. Nafasi ile niliitaka kuliko chakula. Meli ilikaa vizuri mezani, watu wameizunguka, mpaka binamu yangu Fidèle akasema, "Sasa bateau yako, hii meli, iko naogopa maji?"

Ningenyamaza tu. Nikaazima beseni la Mama Béa, muuza samaki wakavu wa Pweto, kando ya ziwa, nikalijaza maji.

"Mutoto wangu, kule kwetu ku ziwa, bateau bila muzigo, na juu iko nzito, inapinduka."

"Mama, hii nilipima," nikajibu (nilikuwa nimepima hata madirisha).

Ilielea. Naapa ilielea, pumzi tatu hivi, na mwili ukanisisimka kama nimefika baharini. Kisha ikalala ubavu, nikairukia, kiwiko kikagonga beseni, na maji yote, na harufu yake ya samaki, yakaishia kwenye suruali ya mkuu.

Kicheko kilipolipuka nilikimbia, nikajificha nyuma ya choo cha parokia mpaka viti vilipoanza kukusanywa. Mama Béa ndiye aliyenikuta, meli yangu kwapani mwake, ikichuruzika.

"Tulikuitaka mara tatu! Monsieur wa karakana alisema mikono yenye ilifanya hizi kreni ndiyo anatafuta. Ulikuwaka wapi?"

"Na sasa, Mama?"

"Sasa alishakwenda na mwengine."

Nimeapa: siku nyingine nikizama, nitasimama palepale, nimelowa, nisikilize mpaka neno la mwisho.