Mwanamke Asiye na Zamu

Nilimjua kwa vifungo kabla sijamjua kwa sura. Mume wangu aliondoka na mashati sita, akarudi na sita. Nilihesabu, nikarudia. Lakini shati la bluu liliondoka halina kifungo cha pili kutoka juu. Nilikuwa nimeliacha hivyo makusudi, tumegombana. Likarudi limekamilika, na uzi umepita msalaba. Mimi vifungo nashona mistari miwili iliyonyooka, miaka kumi na tisa sasa. Nikatoa mashati yote kabatini nikayakagua moja moja. Vifungo vitatu vilikuwa na msalaba.

Mwanamume akitamani, unaweza kujipa moyo kwamba tamaa ni mafua, itapita. Mwanamke anayemshonea vifungo hapiti. Huyo amekwisha kukaa kitako.

Nauza vitenge Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, na nimezoea kugombania nusu yadi na akina mama wa ng'ambo wanaoniita mayo, yaani mama, kwa sauti ya asali huku wananikaba koo. Kwa hiyo siku ile sikupiga kelele. Nilikwenda kusoma kilomita za Fuso. Mume wangu ana Fuso mbili za kubeba mahindi na maharage, na ile aliyosema imelala Mbeya ilikuwa imetembea safari ya Chapwa na kurudi, basi. Chapwa ni kata ya mji wetu huu huu. Hata kuiba hakwenda mbali! Nilikasirika zaidi kwa hilo, kama vile sistahili hata kudanganywa kwa mafuta ya kutosha.

Nikasubiri Ijumaa, ametoka msikitini, amekula pilau sahani mbili.

"Baba watoto, nani anakushonea vifungo?"

Akatafuta mfupa wa kutafuna, haukuwapo.

"Usipandishe presha, mama watoto. Sijaoa. Ningeoa ningekwambia."

"Basi ni hawara."

"Astaghfirullah! Mimi na zinaa wapi na wapi? Yule ni kama... suria."

Nikaweka upawa chini. "Suria hutekwa vitani. Vita vilipiganwa lini? Maana hivyo vya Chapwa sikuvisikia redioni."

Akanieleza, tena kwa utulivu wa mtu aliyejifundisha maneno njiani. Mwanamke ni mjane, Mkristo mwimba kwaya wa Mbebe, kule milimani Ileje, ambako mume wangu alikuwa akienda kununua maharage. Amepeleka ng'ombe wawili, baba mdogo wa yule mwanamke amewapokea, naye akamchukua akampangia chumba Chapwa. Kuhusu dini, alikuwa ametumiwa na dereva mwenzake mawaidha kwenye simu, mawaidha ya dakika mbili, kwamba mtu ana wake zake na ana wale anaowamiliki, na wote ni halali.

"Kwa nini usimwoe tu?"

Hapo akasema neno la kweli kuliko yote aliyosema mwaka ule. "Mke lazima nimgawie siku. Na wewe nakujua, ungehesabu."

Ningehesabu, ndiyo. Ningehesabu mara mbili.

Jumamosi nilikwenda kwa ustadhi anayefundisha madrasa ya wanangu. Nilimkuta barazani anachonga penseli za watoto kwa wembe. Nikasema nina rafiki yangu ana tatizo.

"Rafiki yako huyo," akasema bila kuinua uso, "mumewe ana Fuso mbili?"

"Moja mbovu," nikamjibu. Tukacheka, tukaingia kwenye jambo.

Ustadhi si mtu wa kukuficha. Alisema hawezi kuniambia suria hayumo katika dini, yumo. Vitabu vya zamani vina milango yake. Walikuwa mateka wa vita, wakimilikiwa. Mwenye suria hakuhitaji kumwoa. Akimzalia mtoto, mtoto huzaliwa huru kama wa mke na hurithi kama wa mke, mama naye hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Kumwacha mtumwa huru ni ibada kubwa, na madhambi mengine kafara yake ilikuwa hiyohiyo. "Lakini mtu huru, bibie, hageuki mtumwa kwa sababu kuna mwanamume amempangia chumba. Mtu huru hauzwi. Na leo hakuna mtumwa, wanazuoni wamelifunga. Mumeo ana njia mbili, amwoe au amwache. Hapo alipo anazini, na maneno ya Kiarabu hayamfuniki."

Nilikuwa na swali moja zaidi, na ndilo lililonipeleka. "Suria ana zamu?"

"Zamu ya nini?"

"Ya kulala. Usiku."

Akaweka wembe chini. "Hana. Zamu ni ya wake. Lakini unauliza bei ya kitu ambacho hakipo sokoni."

"Na mke, hata akiwa Mkristo? Anaimba kwaya huyu."

"Hata akiimba kwaya mbili. Usiku wake ni sawa na wako."

Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Akiwa mke, nusu ya siku zangu zinapanda Chapwa. Akiwa suria, hana kitu. Usiku wote ni wangu, na ile michana ya vifungo naweza kuivumilia. Mume wangu aliponiuliza ustadhi kasemaje, nikamjibu, "Amesema suala lina mjadala. Wanazuoni wamehitilafiana."

Akashusha pumzi kama gari lililovuka mzani. Ndivyo mimi, mwanamke mwenye akili zangu, nilivyompitishia mume wangu mtumwa wa kike.

Wala siwezi kusema sikujua uzito wake. Kwetu ni Ujiji. Bibi mzaa bibi yangu aliletwa pale kutoka ng'ambo ya ziwa, hakuja na shangazi wala mahari. Alikuwa suria. Wanawe walirithi sawa na wa mke, hilo walitendewa haki, na hakuna aliyeruhusiwa kuwaita watumwa. Ila kwenye harusi, wazee wanapoutaja ukoo, upande ule unafika kwa mwanamke mmoja na kukatika. Kwao ni wapi, baba yake nani, hakuna anayejua. Utotoni nilidhani wazee wamesahau. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilikaa na uongo wangu wiki tano. Usiku mume wangu alikuwa nyumbani, wote, nimehesabu, thelathini na tano bila pengo. Wivu ungekuwa na haki ungetulia. Haukutulia. Alikuwa akirudi jioni ameshiba, anakula chakula changu kwa adabu, kama mgeni. Akaanza kupiga mluzi nyimbo za kanisani bila kujijua. Nikagundua kitenge kimoja cha njano kimepungua kwenye rafu, na nilipouliza akasema kampa mama mwenye fremu ya duka letu. Mama mwenye fremu havai njano.

Siku ya thelathini na sita nikafunga duka mchana nikapanda bodaboda kwenda Chapwa. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga kwa ukali wake, makali zaidi yawe mwisho.

Nilimkuta uani ameanika maharage kwenye turubai. Hakuwa mzuri kunizidi, hilo nilihakikisha kwanza. Alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, mikono ya jembe. Kitenge changu cha njano kilikuwa mlangoni, kimekuwa pazia. Kabla sijafungua mdomo, akanipima juu mpaka chini kwa macho, akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Shikamoo, dada."

Shikamoo ikaniongezea miaka kumi. "Marahaba," nikasema, kwa sababu hata matusi yana utaratibu.

"Nimekusubiri sana. Nikasema labda dada amekasirika." Lafudhi yake ilikuwa ya Kindali, maneno yanapanda na kushuka kama njia za kwao. "Karibu ndani. Kuku yupo, sikumchinja nikikungoja wewe."

"Unaningoja mimi? Kwa nini?"

Akashangaa. "Kwetu mke mkubwa ndiye anakuja kumpokea mdogo. Asipokuja, mdogo bado ni mgeni tu. Mama yangu alipokelewa hivyo. Si ndicho umekuja?"

Nikatazama mikono yangu. Sikuwa na kitu hata cha kumpokelea, ila mkoba wenye kalamu na futi ya kupimia. "Ndiyo," nikasema. Nikakaa kwenye kigoda. Yale maneno yangu makali yalibaki njiani, sijui bodaboda ilikwenda nayo wapi.

Alimkamata kuku, akamchinjisha kwa kijana Mwislamu wa jirani. Hilo sikumwambia, alilijua mwenyewe. Huku ananyonyoa manyoya akaniambia anachongojea. Ng'ombe wawili waliopelekwa Mbebe ni wa kufungua mlango. Bado wazee wa mwanamume hawajapanda kwenda kuzungumza, na baba yake mdogo ameanza kuuliza. "Namwambia watakuja. Dada, watakuja lini?"

Nilijifanya napepea moto.

"Tena nikuulize," akasema, "suria ni nini? Nilimsikia anamwambia mwenzake kwenye simu. Akasema mimi ndiye. Nikadhani ni mke mdogo kwa Kiislamu."

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na lingeninunulia siku nyingine thelathini na tano. Mdomo ukafunguka kulisema.

"Ni mtumwa wa kike," nikamwambia. "Analala na bwana wake bila ndoa. Hana mahari, hana zamu, hana wazee wa kuja kumwuliza."

Mikono yake ikasimama juu ya kuku.

"Wale ng'ombe ni mlango," akasema taratibu, kama anamwelewesha mtoto. "Si bei."

"Najua."

"Na yeye anajua?"

"Anajua nilichomwambia mimi. Ustadhi wetu alisema wewe ni mtu huru, akuoe au akuache. Mimi nikamwambia kuna mjadala."

"Lini?"

"Wiki tano zilizopita."

Akanitazama, na ndipo nilipoona kwamba ana akili ya soko. Alikuwa anapiga hesabu na yeye. "Ili asigawe siku," akasema.

"Ili asigawe siku."

"Dada, una roho mbaya."

"Ninayo."

Alimaliza kumpika yule kuku. Tukamla, yeye akanipa firigisi, kwa heshima au kwa dharau, mpaka leo sijajua. Kisha akakusanya maharage kwenye gunia, akakunja nguo, akafunga mlango na ufunguo akanikabidhi mimi. "Mwambie niko kwetu. Kama anataka mke, njia ya Mbebe anaijua. Kama anataka yule mwingine, akanunue penye soko lake, na ng'ombe wake atawakuta wanamsubiri."

Kuna kitu lazima nikiri. Nilipoushika ule ufunguo, furaha ilinipanda mpaka kooni. Alikuwa ameondoka kwa miguu yake. Ningenyamaza tu, ningeshinda. Nilifika nyumbani nayo, nikaoga nayo, nikapika nayo. Mume wangu akala, akapiga mluzi wa kwaya, na mimi nikamtazama nikajua kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimeikata ile njia ya Mbebe kwa mkono wangu mwenyewe, na ukoo mwingine utafika kwa mwanamke mmoja na kukatika.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Hakuna mjadala."

Alikasirika. Alipaswa kuona aibu kwanza, lakini mwanamume akipewa nafasi ya kukasirika haachi. Akaniita mnafiki. Nikamwambia twende kwa ustadhi tukapime unafiki wa nani mzito. Tukaenda. Ustadhi alimsikiliza, akamwomba ile simu yenye mawaidha, akayasikiliza yote dakika mbili, akairudisha. "Hapa palipokatwa," akamwambia, "ndipo shehe alipokuwa anataka kusema kwamba hayo yameisha." Mume wangu akainamisha kichwa. Kama mawaidha yalikuwa yanaendelea hivyo kweli, sijui. Ustadhi naye ni mfanyabiashara kwa namna yake.

Jumapili ya pili yake tulipanda Mbebe kwa Noah ya kukodi: mume wangu, wazee wawili wa kwao Kondoa, ustadhi na mimi. Mablanketi ya zawadi kwa kina mama wa Mbebe nilichagua mwenyewe, na sikuchagua mabovu, ingawa niliyashika. Baba mdogo alituweka nje kwenye baridi kitambo, haki yake, akamuuliza mume wangu mbele ya watu kama amekuja kuoa au kuchukua ng'ombe. "Kuoa," akasema. "Sema kwa nguvu, huku kuna upepo." Akasema kwa nguvu. Mwanamke akaulizwa mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili alinyamaza, akinitazama mimi, si mume wangu. Ya tatu akakubali.

Ndoa ikafungwa saa tisa alasiri. Ustadhi akatangaza kwamba mjane akiolewa ana siku tatu za mwanzo peke yake, kisha zamu, usiku kwa usiku. Mke mwenzangu akasogea karibu yangu.

"Dada, umesikia? Tatu."

"Nimesikia. Lakini kwa Waislamu usiku unaanza jua likizama," nikamwambia. "Leo bado ni yangu mpaka magharibi."

Akamtazama ustadhi. Ustadhi, masikini, akakubali kwa kichwa.

Basi nikamwita mume wangu nikamkalisha kwenye benchi ubavuni mwangu, bega kwa bega, uso tumeuelekeza milimani. Dereva wa Noah akapiga honi, nikamwambia asubiri. Mke mwenzangu akaleta chai, akaketi upande wa pili. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Tulikuwa watatu tunalitazama jua, na mimi tu ndiye niliyekuwa nalibembeleza lisishuke.