Wimbo wa Uani kwa Bibi Tabu

Kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yake, Erasto Mwaisumo alikwenda bandarini kwa kuzunguka. Kutoka nyumbani kwake Likombe palikuwa na njia ya mkato, inapita nyuma ya ua wa makuti wa Bibi Tabu na kutokea barabarani. Yeye alipanda baiskeli yake na kushika njia ndefu, hata jua lisipokuwa na huruma. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba anafanya mazoezi ya mwili.

Alikuja Mtwara kutoka Tukuyu, karani wa maghala, na mke mwenye mimba na kinanda cha miguu alichoazimwa na kanisa. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Wimbo akiusikia mara moja tu, aliugeuza kuwa do-re-mi nyuma ya fomu ya mizigo. Hawakuwa na ndugu mji mzima. Mvua zilipokata barabara na uchungu ukamshika mkewe Martha, mtu aliyempokea mtoto alikuwa jirani, Bibi Tabu, kungwi aliyewafunda mabinti wa nusu ya Likombe. Kuanzia siku ile akawaita wanangu. Erasto, aliyekuwa amemzika mama yake mzazi akiwa na miaka tisa, alilichukua neno hilo kwa uzito wake wote.

Mwaka wa sabini na mbili, makarani, walimu na manesi walipata kitabu cha mchezo wa nyimbo wa zamani kutoka Ulaya, habari za binti wa mwenye mashine ya kusaga anayempenda kibarua wa baba yake. Waliutia Kiswahili. Baba mtu alifaa sana kuwa kupe anayenyonya jasho la wenzake. Erasto alipewa nyimbo. Saumu, muuzaji wa duka la ushirika, mtu wa Mikindani mwenye sauti ya kutuliza mtoto, alipewa kuwa binti. Wangeuonyesha siku ya Saba Saba.

Afisa utamaduni alikuja mazoezini, akakaa, akakuna kidevu. "Mchezo mzuri, ndugu zangu. Lakini hapa wanawake wanaposaga unga wa harusi, mbona wanaimba kama wako Ulaya? Tieni kitu cha hapahapa."

Erasto hakuhitaji kufikiri. Msimu uliopita, mchana, akiwa amelala na homa, alisikia kutoka uani kwa Bibi Tabu michi ikitwanga kwa mpigo mmoja na wanawake wakiimba. Maneno yalikuwa ya Kimakonde, hakuyaelewa, lakini aliyaandika kama alivyoyasikia. Aliyatoa kwenye kabati, akayapigisha stensili, akagawa.

Saumu alisoma mistari miwili akaikunja karatasi mara nne.

"Huu umeupata wapi, kaka Erasto?"

"Uani kwa Bibi Tabu. Walikuwa wanatwanga."

"Weka mwingine."

"Kwa nini?"

"Huu hauimbwi."

"Mbona nimeusikia ukiimbwa?"

"Basi umesikia. Uache hukohuko."

"Nipe sababu, Saumu. Moja tu."

Saumu aliwatazama wanaume waliojaa chumbani. Mmoja alikuwa tayari anagonga meza kwa penseli, akifuata nota. "Sina sababu," alisema.

"Dada wa mjini anaona haya kuimba nyimbo za shamba," alisema Petro, mwalimu kutoka Bukoba aliyecheza mwenye mashine. "Au anaogopa kushika mchi, kucha zitakatika." Wakacheka wote, na Erasto naye akacheka.

Angeweza kumuuliza Bibi Tabu mwenyewe, hatua ishirini tu. Hakumuuliza kwa sababu alitaka iwe zawadi.

"Nchezo wenyewe una nini?" bibi aliuliza alipoalikwa.

"Njoo tu, mama. Utasikia kitu chako."

"Haya, mwanangu. Nitavaa kanga mpya."

Siku ya siku, alasiri, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bibi Tabu alikaa benchi la mbele pamoja na wanawake wenzake wa Likombe. Ikafika zamu ya kusaga. Vinu vililetwa, michi ikaanza kupiga, Erasto akakanyaga kinanda. Saumu alisimama katikati ya jukwaa akafumba mdomo.

Erasto alidhani amesahau. Akarudia utangulizi. Saumu akamtazama, akatikisa kichwa taratibu. Basi Erasto akafanya anachofanya mwalimu wa kwaya yoyote mwimbaji akikwama: aliinua sauti yake mwenyewe. Aliimba kwa kifua chote, ubeti wa kwanza na wa pili, akitamka vizuri kila neno asilolijua, huku akimtabasamia Bibi Tabu.

Wanaume wa nyuma walicheka. Wanawake hawakupiga kelele. Mmoja alijifunika kanga kichwani, akainuka, halafu wa pili, halafu benchi zima. Bibi Tabu alitoka wa mwisho kwa sababu ya magoti yake mabovu. Alipopita karibu na kinanda aliinamisha macho chini, kama mtu apitaye mbele ya aliye uchi.

"Funga kinanda, kaka," Saumu alisema.

Afisa utamaduni alimpa Erasto mkono. "Hicho ndicho nilichokitaka."

Nje, Alawi, dereva wa winchi, mtu wa Mikindani, alimvuta pembeni. "Ndugu Erasto, mimi mwenyewe sijui umeimba nini, na sitakiwi kujua. Lakini mama yangu katoka kajifunika. Hayo ni ya unyagoni. Sisi wanaume hatuyasikii, seuze kuyaimba."

Ndipo Erasto alipoelewa kwa nini Saumu hakuwa na sababu. Sababu yenyewe isingeweza kusemwa mbele yao.

Kesho yake alikwenda kwa jirani, kofia mkononi.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Radhi ya nini, karani?"

Kulitaja kosa ilikuwa kulirudia. Bibi Tabu alimletea maji ya kunywa, akaulizia afya ya mtoto, akaulizia bei ya sukari. Hakumwita mwanangu. Erasto alikunywa maji yote, akashukuru, akaondoka na radhi yake mfukoni.

Martha ndiye aliyemletea habari zilizobaki. Wanawake walisema wimbo haukutoka wenyewe, kwamba kungwi aliupeleka nyumba ya pili kwa kuwapenda mno wale wageni wake. Msimu uliofuata wa unyago, wali, mabinti wa kufundwa, hawakuletwa kwa Bibi Tabu. Walipelekwa Ziwani, kwa kungwi mwingine. Yeye hakujitetea, maana naye angejitetea vipi?

Erasto alizikusanya karatasi na kuzichoma. Lakini wapagazi waliokuwapo ukumbini walikuwa na masikio pia. Wimbo ulikuwa na mpigo mzuri wa kubebea magunia, na korosho zilipoanza kushuka bandarini walikuwa nao tayari. "Mwalimu, wimbo wako huo," walimwambia, wakimsifu.

Asubuhi moja alikuwa akipita njia ya mkato, wapagazi wawili nyuma yake, mmoja akipiga mluzi. Ndani ya ua Bibi Tabu alikuwa akitwanga peke yake. Mluzi ulipomfikia, mchi ulisimama. Ulisimama mpaka wapite wote watatu, na Erasto, akisukuma baiskeli, alizihesabu hatua zake mpaka mwisho wa makuti. Hakusikia ukianza tena.

Kesho yake alishika njia ndefu.