Biti Butu za Ijumaa

Leo nimenunua biti mpya dukani, pakiti nzima, nikatembea nazo hadi karakana yangu ya vitanda huku Buxton nikijiona kama mwizi. Kwetu biti hazikununuliwa ovyo. Zilinolewa.

Kama hujawahi kuishika, biti ni kile kijiti cha chuma kilichosokotwa ambacho keekee hukizungusha kutoboa mbao au bati. Baba alizinoa katika chumba cha chini cha nyumba yetu, Mji wa Kale. Kinoo chake cha duara kilifungwa ukingoni mwa meza, na kazi yangu ilikuwa kuzungusha mpini. Harufu ya chuma cha moto ilikutana ngazini na ya viazi karai alivyokaanga mama ghorofani. Ijumaa baada ya sala, majirani walileta biti zao butu, na pamoja nazo sahani iliyofunikwa: bajia, mkate wa sinia. Malipo mengine baba hakuyataka.

Si kazi ngumu, usiiogope. Ncha ya biti ina midomo miwili, na lazima ilingane. Unanoa mmoja, unageuza, unanoa wa pili vivyo hivyo, unachovya majini kabla chuma hakijageuka buluu. Kisha unatoboa kipande cha chuma. Zikipanda nyuzi mbili za chuma zikijisokota, umefaulu. Ukipanda mmoja, basi mdomo mmoja ndio unaofanya kazi, mwenzake anasindikiza tu.

Nilipoanza kunoa mwenyewe, ulipanda mmoja. Baba alitazama, akacheka.

"Mbovu hii, mamangu. Rudia."

Nikarudia. Mbovu. Siku moja nikalia, akanipa bajia ya jirani, akangoja nimalize kutafuna.

"Haya, machozi hayanoi. Rudia."

Siku nyuzi zilipopanda mbili alimwita mama ateremke aje aone.

Sasa macho ya baba yameingia ukungu na mkono watetemeka, lakini hata hivyo alikuwa akiniomba biti zangu azinoe. Za kwanza alizoninolea uzeeni zilitoboa upande upande. Aliponiuliza, nilimwambia, "Zakata kama wembe, baba." Nikanunua nyingine. Ijumaa iliyofuata nikasema vilevile. Alikuwa akinyooka mgongo kila nikisema, nami nikaona nimemfanyia wema.

Kumbe aliamini. Akamwambia seremala jirani yetu, mzee mwenzake, alete zake kama zamani. Jirani akaja na biti na sahani ya mahamri. Baba akazinoa muda mrefu, mimi nikizungusha mpini, nikiona wazi midomo hailingani. Jirani akatia moja kwenye keekee, akatoboa palepale. Ulipanda uzi mmoja.

Akanitazama mimi, si baba.

"Mashallah," akasema. "Mkono ni ule ule."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Wacha, bwana. Naisikia. Yagonga upande mmoja." Kisha akanigeukia. "Na zako, mamangu? Zako zilikuwaje?"

Nilianza kukusanya biti mezani. Jirani alikunja kitambaa alichofunikia mahamri, akaaga kwa adabu mno, kama anayetoka kwenye nyumba ya mgonjwa.

Nimelifikiria sana hili. Nilipokuwa mtoto, baba hakunidanganya hata kwa huruma. Alisema mbovu, na neno hilo lilikuwa na imani ndani yake, kwamba nikirudia nitaweza. Pengine naye angeweza. Angepima kwa vidole badala ya macho, angeniomba nimshikie taa. Hatutajua. Mimi nilimsifu, na kwa kumsifu nikamnyima kurudia.

Biti za jirani sasa hupelekwa kwa fundi wa mashine kule Shimanzi. Sahani za Ijumaa hazipiti tena mlangoni kwetu. Nami nikienda kumwamkia baba, huniuliza habari za watoto, za joto, za bei ya samaki. Habari za kazi yangu haniulizi.