Kidole cha Mama Mkwe

Juzi, kwenye duka la kampuni moja kubwa ya simu kule Tegeta, mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alimsogezea binti wa kaunta kikaratasi chenye namba ya simu.

"Marahaba, mwanangu. Wiki ijayo kijana huyu analeta washenga kumposa rafiki yako. Hebu niangalizie ni mtoto wa nani, na kwao wapi."

"Siwezi, mama. Taarifa zake hazifunguki mpaka mwenyewe aje aweke kidole hapa." Akagusa kimashine cha alama za vidole.

"Weka changu. Mie si ndo mama mkwe wake?"

"Kitakataa. Na mfumo utaandika kwamba mie ndo nimejaribu."

"Wewe! Nilikuwa nakuogesha beseni moja na mwanangu, leo unanificha?"

Binti akainama akicheka, lakini mikono hakuitoa mapajani.

Mama akatoa simu yake, akapiga namba ile ile, akaweka spika. "Baba, mie mama mkwe wako. Hivi kwenu ni wapi vile?"

"Shikamoo mama!" Kijana akamwaga yote: jina la baba yake, kijiji, kanisa, hadi dawa za presha anazomeza bibi yake.

Kampuni nzima imemwekea kufuli, mwenyewe kalifungua kwa shikamoo moja. Mzee nyuma yangu akaitikia kwa kichwa akaamua, "Familia nzuri hiyo, mpe." Foleni yote tulikubali. Aliyeziba masikio ni binti wa kaunta peke yake.