Pini za Profesa

Katika chumba chetu cha kushonea tulimwita Profesa, maana hakuna asilolijua. Atakuambia mvua itanyesha lini, gauni litakubana wapi na ndoa yako itavunjika mwaka gani. Alilea watoto sita, kwa hiyo alipoachiwa mjukuu ashinde naye kutwa kando ya meza ya kukatia, nani angethubutu kumfundisha?

Kipaji chake kikubwa kilikuwa kusema na pini saba mdomoni bila kumeza hata moja. Meno yameziuma, midomo imebana, maneno yanapenya pembeni. Mimi, mwenye cherehani ya pili, nilisikiliza hekima za puani miaka kumi na mmoja.

Mtoto alianza vyema. Miezi mitatu, "aguu". Miezi mitano, mayowe na mapovu ya mate. Wenzake walipofika kwenye "bababa", yeye akabaki na "mmm", midomo imefumba. Miezi tisa, "mmm". Miezi kumi, "mmm". Akapimwa masikio, yako salama.

Mkwe wake, mama wa mtoto, hakuzunguka mbuyu. "Mama, nisamehe. Mwisho wa mwezi kama bado, nampeleka kwa mama yangu. Kule kuna watoto wenzake."

"Haraka haraka haina baraka," Profesa akajibu, kupitia pini. Lakini siku hiyo alishona mkono wa kushoto upande wa kulia. Alikuwa anaogopa, na mimi, pamoja na ulimi wangu mrefu, nilimhurumia.

Kisha akaja muuguzi kuongezewa kiuno cha sare. Profesa akapiga magoti kumpima, huku akimwongelesha mjukuu. Muuguzi akamtazama mtoto, akamtazama bibi.

"Mama, huyu anaongea vizuri tu. Anaongea kama wewe."



"Taya ndilo huanza," muuguzi akaendelea. "Likizoea kupanda na kushuka, ba-ba-ba inatoka. Ulimi na midomo hukomaa polepole baadaye. Sasa yeye kutwa anaangalia mdomo usiofunguka. Ajifunze wapi?"

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sikulisema hilo kwa sauti, mkasi ulikuwa mkononi mwa Profesa.

Profesa akatema pini zote saba mezani. Tangu siku ile alizichomeka kwenye kimto kilichofungwa mkononi, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, akawa anasema kwa mdomo wazi. Ole wetu! Sasa hekima tulizisikia zote. Akimwinamia mjukuu, taya juu, taya chini, "ba, ba, ba", hadi wateja wakauliza anatafuna nini. Mtoto alimkodolea macho, kidevu chake kikicheza bila sauti.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, mkwe amesimama mlangoni na mfuko wa nepi, kando ya meza kukasikika, "Babababa!"

Mkwe akauweka mfuko chini. Nilisimamisha cherehani, nikajiandaa kuambiwa na Profesa kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Lakini Profesa alisimama pale, midomo imebana kama zamani, na mdomoni hamkuwa na pini hata moja.